Wahudumu Wazuri Nikiwepo Tu

Swali

"Nimekuwa muuguzi kwa muda mrefu, na sasa nimepewa umeneja wa makao ya wazee yenye wakazi 40. Nikiwepo mchana, kazi inakwenda vizuri. Nikiondoka, hasa usiku na mwisho wa wiki, nasikia mambo mengine kabisa: kengele zinalia bila mtu kuitika, wazee wanalazwa jua halijazama, na watoto wao wananipigia simu kulalamika. Cha ajabu, ripoti za ajali na makosa zinazofika mezani kwangu ni chache mno. Wahudumu wazuri wanaacha kazi mmoja mmoja. Mmiliki anataka tufunge kamera nyumba nzima. Nianzie wapi?"

Jibu

Dada, nianze na sentensi uliyoipitia haraka: ripoti ni chache mno. Kwako ni jambo la ajabu tu, limekaa pembeni ya matatizo yako. Kwangu ndilo tatizo lenyewe. Wazee 40, wengi wao wakiwa na miguu dhaifu, macho hafifu, kumbukumbu inayopotea na orodha ndefu ya dawa, hawawezi kumaliza mwezi bila mmoja wao kuanguka, bila kidonge kusahaulika, bila ngozi ya mtu kuchubuka akihamishwa kutoka kitandani kwenda kitini. Mambo hayo yanatokea kwako kama yanavyotokea kwingine. Ila hayakufikii.

Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliangalia dawa za wakazi 256 katika makao 55. Karibu wakazi 7 kati ya 10 walikutwa na angalau kosa moja: daktari ameandika vibaya, duka la dawa limetoa tofauti, mhudumu amekosea kugawa, au hakuna aliyefuatilia vipimo vinavyotakiwa kwa dawa hiyo. Makao hayo hayakuteuliwa kwa sababu ya ubaya wake. Yalikuwa makao ya kawaida. Kwa hiyo meneja akiniambia kwamba kwake hakuna kosa la dawa tangu mwaka uanze, swali ninalomuuliza ni nani anaogopa kusema.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alilikuta jambo hili katika miaka ya 1990 alipochunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikampa kinyume: timu hizo ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba aligundua kwamba tofauti ilikuwa katika uhuru wa kusema. Kwingine watu walikosea na kunyamaza. Mweleze mmiliki wako habari hii mapema, kabla hujaanza kubadilisha chochote, maana ukifanya kazi yako vizuri ripoti zitapanda miezi ya mwanzo, naye atadhani umeiharibu nyumba.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kuzifungulia habari mbaya njia. Hilo halifanyiki kwa kikao, wala kwa kubandika tangazo kwamba mlango wako uko wazi. Litaamuliwa siku ambayo huichagui wewe, pale mhudumu mmoja, pengine mgeni kuliko wote, atakapokuja kukwambia kwamba amempa bibi wa chumba cha 12 dawa za bibi wa chumba cha 14. Uso wako katika dakika ile utasimuliwa jikoni, kwenye chumba cha kufulia na kwa zamu ya usiku kabla siku haijaisha. Uliza kwanza hali ya mzee: yukoje, daktari ameshapigiwa simu, nani anakaa naye? Mshukuru aliyesema. Kesho yake kaa naye mtazame ilivyotokea. Mara nyingi utakuta alikuwa akigawa dawa huku akipokea simu na kuwafungulia wageni mlango, kwa kuwa saa ile hakuna mwingine wa kufanya hivyo. Tiba ya kosa hilo ni kupanga kwamba anayegawa dawa haguswi na kazi nyingine mpaka kigari cha dawa kifungwe. Barua ya onyo isingezuia lolote, ingemfundisha tu anyamaze safari nyingine.

Sisemi kila kosa lipite. Kuna kuteleza, kama huko kwa vyumba viwili. Kuna njia ya mkato ambayo imekuwa desturi, kwa mfano kumwinua mzee peke yako wakati kanuni inataka watu wawili na mashine ya kuinulia. Ukimwadhibu mmoja kwa desturi ya wote, utakuwa umemwonea. Uliza kwanza kwa nini mtu wa pili hapatikani na mashine inahifadhiwa wapi. Nimeona mashine ikikaa ghorofa ya chini na wazee wanaoihitaji wakiwa juu, halafu watu wakashangaa kwa nini haitumiki.

Kisha kuna ukatili, na hapo huruma ya kimeneja inaisha. Usidhani ni jambo la majumba mabaya ya mbali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika tafiti zilizofanywa kwenye taasisi za kutunza wazee, wafanyakazi 2 kati ya 3 walikiri kumtendea mzee vibaya kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Namba hiyo inachanganya matusi, kupuuza na kupiga, lakini bado inatisha. Ukipata tuhuma: mzee awe salama, mtuhumiwa atoke kwenye zamu, maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyatamka, nguo zisifuliwe na chumba kisisafishwe, na taarifa itoke kwenda kwa mamlaka za nje siku hiyo hiyo. Usifanye upelelezi wa kimyakimya ili kulinda jina la nyumba. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwaka 2011, Winterbourne View, hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol nchini Uingereza, ilifungwa baada ya BBC kurusha picha zilizochukuliwa kwa siri zikionyesha wagonjwa wakipigwa na kudhalilishwa. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani. Kinachonisumbua zaidi katika kisa hicho ni kwamba muuguzi mwandamizi alikuwa ameshalalamika kwa uongozi na kwa mamlaka ya ukaguzi miezi kadhaa kabla. Habari ilitoka chini, ikafia njiani.

Mmiliki wako anaweza kuusoma mfano huo na kusema: unaona, kamera ndiyo iliyookoa. Ni kweli, kamera ya siri ilifichua, lakini ilihitajika kwa sababu aliyesema kwa mdomo hakusikilizwa. Kamera za wazi kwenye milango ya kuingilia na korido sina ugomvi nazo. Vyumbani na bafuni ni jambo jingine: pale mzee anavuliwa nguo, anaoshwa, analia, na bila ridhaa yake, au ya anayemwakilisha kisheria, hupaswi hata kulijadili. Isitoshe, kamera haiitiki kengele. Itakuonyesha kesho kwamba jana usiku kengele ililia dakika 20. Haitakuonyesha kwamba wahudumu wawili waliokuwepo walikuwa chumba cha mwisho wakimbadilisha mzee aliyehitaji watu wawili.

Sasa twende usikoonekana, maana huko ndiko kwenye kiini cha malalamiko yako. Nenda usiku. Usiende kuvizia, waambie mapema kwamba mwezi huu utafanya zamu kadhaa pamoja nao, vaa sare, ubadilishe shuka, uwageuze wazee, uitikie kengele. Tazama jambo moja hasa: ikifika saa 11 alfajiri, ni wazee wangapi wameshaamshwa, wakaogeshwa na kuketishwa sebuleni wakisinzia? Ukikuta kumi, usiwagombeze wahudumu wa usiku. Waulize wanakwepa nini. Wakikuamini watakwambia kwamba zamu ya asubuhi ikikuta wazee hawajavalishwa inanuna na kueneza maneno kuwa wenzao wamelala usiku kucha. Kiongozi wa zamu ya asubuhi atakwambia kifungua kinywa lazima kiwe kimeondolewa saa 2 ili jiko liendelee na chakula cha mchana. Mpishi atakwambia ratiba hiyo aliikuta. Basi mzee wa miaka 86 anatolewa kitandani gizani kwa ajili ya ratiba ya jiko ambayo hakuna mfanyakazi anayekumbuka nani aliipanga. Katika safu yote hiyo hukumkuta mtu mbaya, wala hakuna kamera ambayo ingekueleza.

Ukishajua hivyo, ufumbuzi ni mwepisi kuliko ulivyodhani. Kifungua kinywa kiwe wazi kuanzia saa 1 hadi saa 4, mtu ale anapoamka. Halafu useme mbele ya zamu zote mbili, kwa maneno yasiyo na mafumbo, kwamba zamu ya usiku haitapimwa kwa idadi ya waliovalishwa. Litamke wewe mwenyewe na ulirudie. Wakisikia mara moja hawataamini.

Kulazwa mapema ni shida hiyo hiyo kwa upande wa jioni. Mikono ikianza kupungua, wahudumu huwalaza kwanza wazee wanaohitaji watu wawili, kabla hao wawili hawajawa mmoja. Zamu moja fupi ya kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, hata kama unaichomoa kutoka asubuhi, inabadilisha jioni nzima. Na kengele: chukua wiki mbili uandike ni chumba gani, saa ngapi, kwa haja gani. Utashangaa jinsi zinavyotoka kwa watu wachache na kwa haja zinazotabirika: choo, maji, maumivu, kukaa vibaya. Mhudumu anayepita kila saa na kuuliza mambo hayo manne kabla hajaitwa atakimbizana na kengele chache kuliko anayengoja zilie.

Nilitaka niwaache wazee wenyewe mwishoni, lakini nimegundua nikifanya hivyo nitakuwa nimefanya kama mameneja wengi. Wao ni chanzo cha habari pia, tena chanzo kinachozibwa kwa wema. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha jaribio walilofanya katika makao ya wazee ya Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao yako mikononi mwao, wakachagua mmea wa kuutunza wenyewe na usiku wa kutazama filamu. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia na filamu pia, ila waliambiwa kwamba wafanyakazi ndio watakaoshughulikia kila kitu. Baada ya wiki chache kundi la kwanza lilikuwa limechangamka zaidi, likishiriki zaidi, likijiona na furaha zaidi. (Kuna takwimu ya vifo inayotajwa sana kutokana na ufuatiliaji wa baadaye, watafiti wenyewe waliitolea masahihisho, kwa hiyo mimi siitumii.) Kilichotofautisha ghorofa hizo mbili hakikuhitaji bajeti.

Kwa hiyo kila mkazi aulizwe, na jibu liandikwe mahali mhudumu wa zamu atakapoliona: anaamka saa ngapi, anaoga asubuhi au jioni, anapenda kuitwa kwa jina gani, mlango wake ubaki wazi au ufungwe. Aliyepoteza kumbukumbu kiasi cha kushindwa kueleza, waulize wanaomjua, kisha mtazame yeye. Mtu mwenye dimensia anayempiga mhudumu kila anapoogeshwa ameshatoa taarifa, ila hakuitoa kwa maneno. Huenda maji ni baridi, huenda bega linauma, huenda anaaibika mbele ya kijana wa kiume. Ukikosa kuitafuta sababu, jibu rahisi litakuwa dawa za kutuliza akili. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba aina mpya za dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 ikalipanua kwa zile za zamani. Hesabu wangapi kwako wanazitumia na mwombe daktari azipitie moja baada ya nyingine. Usimsimamishie mtu yeyote kwa uamuzi wako.

Neno "usalama" nalo lichunguze kila linapotamkwa. Kingo za kitanda huwekwa ili mzee asianguke, naye anayetaka kwenda chooni hupanda juu ya kingo na kuanguka kutoka juu zaidi, au hunasa katikati yake. Kufunga mtu kwenye kiti humwondolea nguvu za miguu, na asiye na nguvu za miguu ndiye anayeanguka. Marekani ilitunga sheria mwaka 1987 inayompa mkazi wa makao ya uuguzi haki ya kutofungwa kwa ajili ya kuadhibiwa au kuwarahisishia wafanyakazi kazi. Badala ya kufunga, chora jedwali la walioanguka kwa saa na mahali. Ukikuta wanaanguka zamu zinapobadilishana, wakati wahudumu wote wamejifungia kwenye makabidhiano, umepata cha kufanya bila kamba: mtu mmoja abaki nje.

Vitu vingine vya kutazama kila mwezi ni vichache. Uzito wa kila mkazi, kwa sababu anayepungua kimyakimya pengine halishwi kwa subira. Vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokana na kulalia upande mmoja: ni wangapi walikuja navyo na wangapi wamevipatia ndani. Zamu zilizojazwa na watu wa kukodi wasiowajua wazee. Basi. Meneja mwenye jedwali la mistari 60 huishia kuandaa jedwali.

Kuhusu wahudumu wanaoacha. Mshahara una sehemu yake, na kama si wewe unayeupanga, usijifanye hauna uzito. Lakini waulize walioondoka, miezi miwili baada ya kuondoka, wakiwa hawana la kupoteza. Utasikia habari za ratiba iliyotoka siku mbili kabla, za likizo iliyofutwa kwa ujumbe wa simu, za wiki ya kwanza waliyotupwa peke yao kwenye korido ya wazee 14. Ratiba itoke wiki nne kabla. Mgeni afuatane na mwenyeji mpaka awajue wazee kwa majina na tabia. Mhudumu yule yule ahudumie wazee wale wale. Hapo ndipo anapoona kwamba leo mzee hajamaliza chai, au anapumua tofauti, na kuona huko ndiko kunakomwahi daktari kabla ya homa ya mapafu.

Tena, chagua viongozi wa zamu kwa uangalifu kuliko unavyochagua kitu kingine chochote. Usiku na mwisho wa wiki wao ndio meneja. Kosa ninaloliona sana ni kumpandisha mchapakazi hodari kuliko wote, ambaye anaishia kufanya kazi ya watu watatu na kuwadharau wawili. Mtafute yule ambaye wenzake humwendea wakikwama. Kaa naye peke yenu kila mwezi, saa nzima, simu imezimwa, na swali la kwanza liwe: kuna nini ambacho ungependa nisijue?

Jamaa za wazee wanakupigia kwa sababu wanazipata habari kabla yako. Geuza mwelekeo. Mzee akianguka, hata kama hakuumia, ndugu aliyeteuliwa ajulishwe siku hiyo hiyo na kiongozi wa zamu, kwa maneno wazi: kilichotokea, alivyo sasa, tunachobadilisha. Wengi watakasirika mwanzoni. Baadaye simu za malalamiko zitapungua, kwa sababu hasira nyingi za jamaa huanzia kwenye alama nyeusi ya jeraha ambayo hakuna aliyeweza kuieleza.

Kimebaki kizibo cha mwisho, na hiki kiko juu yako. Wewe nawe una habari mbaya za kupeleka kwa mmiliki, na kama unazipunguza makali ili asikasirike, unafanya kile kile unachowalaumu wahudumu. Ukiwa umeshafanya zamu za usiku na una wiki mbili za kengele mkononi, mwandikie ukurasa mmoja: usiku tuna wahudumu wawili, wazee 11 wanahitaji watu wawili kuinuliwa, kwa hiyo kila mmoja wao akihudumiwa, wengine 39 hawana mtu. Weka namba zako halisi. Taja unachoomba, gharama yake, na kitakachotokea kisipopatikana. Usimtumie bila kukutana naye, wala usikutane naye bila karatasi. Akikataa, mwombe aandike kwamba amesoma na ameamua hivyo, uweke nakala. Na kama anachokataa kinawaweka wazee hatarini leo, sio mwakani, basi mamlaka inayosimamia leseni yenu ina haki ya kuusoma ukurasa huo, na wewe ndiye wa kuupeleka.